Kirukia Nilichokipeleka Posani Pete

Mji wangu siuachi hovyo. Mimi ni mpishi wa haluwa hapa mtaa wa Malindi, mjini Unguja, na mtu wa sufuria ya shaba na mwiko mrefu hana la kutafuta shamba. Karafuu naijua ikishakauka, mnazi naujua ukishakuwa nazi. Aliyenitoa ni Sudi, mtoto wa marehemu ndugu yangu, niliyemlea tangu hajajua kufunga kikoi. Miaka hiyo ya hamsini alikuwa keshakuwa fundi cherehani wa kusifiwa mtaa mzima. Siku moja akaitwa Pete, kusini huko karibu na msitu wa Jozani, kushona nguo za harusi ya watu. Akarudi si yeye. Hali, halali, ukimwita mara tatu huitika moja. Kumbe kamwona Kazija binti Vuai.

Upande wa wanawake mambo yalikwenda vizuri. Mke wangu, Bi Salama, alishakwenda kuuliza, na mama wa msichana, Bi Mcha, hakuwa na neno. Kazija mwenyewe alikuwa na sharti moja tu: Pete haondoki. Mji kwake ni makelele na uvundo wa papa. Sudi akasema hilo si tatizo, atahamia yeye, yeye na cherehani yake, akae palepale kwa wakwe. Likabaki la baba. Mzee Vuai, mrina asali, alitoa neno kwamba atamsikiliza mshenga mara moja, na akisema la ndiyo la.

"Ami," Sudi akaniambia, "akikataa, mimi Unguja sikai. Nnapanda meli nnakwenda zangu Mombasa, na msinitafute."

Sina mtoto mwingine, wala Bi Salama hana. Yeye alilia waziwazi, mimi nikajifanya nakohoa. Mshenga nikawa mimi mwenyewe, maana sijisifu, lakini kwa kusema sishindwi. Jamaa zangu wa barazani, ambao ndio ninaowaandikia haya kwa kuwa wamechoka kunisikiliza, walinisindikiza kwa kicheko. "Wenziwe hupeleka pete," walisema, "huyu anapelekwa Pete."

Darajani, asubuhi, nilipanda gari la mbao la kusini, la Makunduchi, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, koti, na kofia mpya ya viua. Mkononi nina vikapu viwili vya haluwa, kazi ya mkono wangu, yenye lozi na zaafarani na hiliki ya kutosha. Utingo akanipokonya vikapu, akavirusha juu ya paa la gari. Halafu juu yake, kwa macho yangu haya, akapandisha gunia la makaa.

"Ebo! Weye!" nikamwita. "Ile ni haluwa ya posa!"

"Na haya makaa ya kupikia, mzee. Vyote vitu vya jikoni."

Mwanakwerekwe tulipita tunagombana. Jumbi tulipita tunagombana, na sasa abiria wamegawanyika, wanawake wako upande wangu na wanaume upande wa makaa. Tunguu nikamwambia hana adabu. Bungi akaniambia haluwa yenyewe ya mjini siku hizi ni wanga mtupu. Hapo, jamani, damu ilinipanda kichwani. Ningetukanwa mimi ningestahamili. Mbele kidogo, barabara ilipoanza kuingia msituni, nikapiga mbao kwa ngumi: "Nishushe! Nishushe hapahapa! Sikai gari moja na mtu kama huyu!"

Dereva alisimama papo hapo, kwa furaha ambayo haikuwa ya kiungwana. Nikashuka kwa maringo, nikakung'uta kanzu, nikageuka kuchukua vikapu vyangu. Gari lilikuwa limeshaondoka. Nikaliona gunia la makaa linapotea kwenye kona, na chini yake haluwa yangu.

Jozani, jua likiwa la utosi, nilikuwa natembea peke yangu katikati ya msitu, naongea na nafsi yangu kwa sauti. Kima wekundu wenye nywele zilizosimama walikaa matawini wananitazama, na mmoja, wallahi, alitikisa kichwa kama anayenisikitikia. Mshenga anafikaje mkono mtupu? Mrina asali utamwambia nini, kwamba zawadi yake imekwenda Makunduchi na makaa? Nikasema basi, Sudi keshapanda meli, mimi ndiye niliyempandisha kwa mdomo wangu.

Ndipo nikauona mzambarau. Ulikuwa mkubwa, pembeni ya njia, na katikati ya majani yake kulikuwa na kichaka kingine kimekaa kama kilemba, kimechanua maua mekundu membamba marefu mfano wa vijiti vya kiberiti vilivyowashwa. Sijapata kuona uzuri ule. Kitawi kimoja kilining'inia usawa wa mkono. Nilipogusa tu, ua moja ambalo halijafunguka likafyatuka, pwa! likanitia unga wa njano puani. Nikapiga chafya, na chafya hiyo ikaniletea fikra. Nitakwenda na shada! Na hotuba yangu yote nitaijenga juu ya ua hili. Watu wa msitu watajua kwamba mtu wa mjini naye ana macho. Nikavunja vitawi vya kutosha, nikavificha ndani ya koti, nikaendelea na safari nikitabasamu.

Pete nilifika alasiri. Mzee Vuai alikuwa barazani kwake na wanaume wa jamaa ya mkewe wamekaa mkekani. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mpana, ndevu nyeupe, mikono imejaa makovu ya nyuki. Alinikaribisha vizuri sana, siwezi kumsingizia. Nililetewa maji ya kunawa, nikaangushiwa dafu, nikaulizwa hali ya mjini mpaka nikamaliza habari zote. Nyuma ya mlango nilisikia kanga zikichakarisha, nikajua Bi Mcha na wanawake wenzake wameshakaa mahali pa kusikia.

"Haya, mgeni," akasema Mzee Vuai. "Tukusikilize."

Nikasafisha koo. "Jamaa zangu waungwana," nikaanza, "nimepita msituni kwenu leo, nimeona mti mkubwa, wenye heshima zake, na juu yake kitu cha kumtia mtu machozi kwa uzuri. Nikajiuliza: mti huu bila ya kitu hiki ungekuwa mti gani? Sisi tunaye kijana wetu, Sudi. Hataki kumtoa Kazija hapa, la hasha! Anataka yeye aje akae juu ya mti huu wenu, aushike, aupambe, asiachane nao maisha. Na mfano wake Sudi ni huu hapa!"

Nikalitoa shada ndani ya koti, nikaliinua juu.

Mtu mmoja mkekani alipaliwa na dafu. Mwengine akaangalia dari. Nyuma ya mlango mwanamke akaanza kucheka, akazibwa mdomo, akachekea puani, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Mzee Vuai hakucheka.

"Hicho ni nini?" akauliza.

"Ua."

"Lina jina?"

"Ua la... la msituni."

"Hicho ni kirukia, bwana."

Alilitamka jina lile kama mtu anayetema kokwa. Kisha akanifundisha, polepole, mbele ya watu. Kirukia hakina mzizi ardhini. Mbegu yake ina ulimbo, nayo huletwa na ndege. "Unajua ndege huileta kwa njia gani?"

"Kwa mdomo?" nikasema.

"Kwa upande wa pili."

Mkeka mzima ulivunjika mbavu. Ndege akishakula tunda lake, akaeleza Mzee Vuai, hujifuta kwenye tawi, mbegu hunata pale, hutoa mzizi ukapenya gome, na tangu siku hiyo kirukia kinakunywa maji ya mti wa mwenziwe, kimekaa juu, kimejipamba maua. "Sasa mwanamume anayehamia ukweni, yeye na cherehani yake na tumbo lake, unafikiri sisi hapa Pete tunamwita nani?"

Jina nilikuwa nimelishika mkononi.

Wala halikukaa mkononi muda mrefu. Mbuzi wa Bi Mcha, aliyekuwa akizunguka uani, alinijia kwa nyuma, akalikwapua shada lote, akaanza kulitafuna kwa raha zake huku akinitazama. Nimekula hasara nyingi maishani, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke. Nikamfikiria Sudi yuko mjini anasubiri, hajui kwamba ami yake kamtangaza kuwa ni kinyesi cha ndege.

"Gari la mjini litapita kesho," Mzee Vuai akasema. "Utakula kwangu na utalala kwangu. Asubuhi nitakupeleka ukione kirukia kazini, ili kijana wako ukamweleze sababu. Jibu langu ni la."

Chakula kilikuwa muhogo wa nazi na changu wa kuchoma, na asali baadaye. Nilikula. Huzuni yangu haijapata kufika tumboni.

Alfajiri, baada ya sala, tuliingia msituni wawili sisi, yeye na panga, mimi na kanzu yangu iliyokwishakunjamana. Alinipeleka kwenye mzambarau mwengine, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Akanionesha pale kirukia kilipojishikiza, tawi limevimba kama goti lenye uvimbe. "Tazama mbele ya hapa," akasema. Mbele ya pale tawi lilikuwa kavu, limekufa. "Umeona? Maji yote yanaishia kwake. Mwenye tawi hapati."

Nikaona, na moyo ukanishuka. Yule mzee alikuwa anamwogopea mwanawe, na hofu yake ilikuwa ya kuona kwa macho, si maneno tu. Nikataka kusema basi, turudi. Lakini mimi nikinyamaza huwashwa ulimi, na juu ya kichwa changu kulikuwa na zogo. Ndege wadogo wenye midomo mirefu iliyopinda walikuwa wanaingia na kutoka kwenye kile kirukia, na kila wakidonoa ua lilifyatuka, wakatoka paji limepakwa njano.

"Hawa ndege gani?"

"Chozi," akasema Mzee Vuai, na uso wake ukafunguka. "Hawa wanaishi kwa kirukia. Kiangazi hiki nenda msitu mzima, huoni kitu chenye maua ila hiki. Ndiyo maana..." Akatupa jicho pembeni.

Nikafuata macho yake. Kwenye mti uleule, tawi la chini, ulining'inia mzinga wa gogo, na nyuki wake wanapanda moja kwa moja kwenye maua ya kirukia.

"Mzinga wa nani ule?"

"Wangu."

"Umeuweka hapa kwa nini, chini ya adui?"

"Kwa sababu nyuki wanataka kula! Wewe unafikiri kiangazi asali inatoka wapi, dukani?"

Nikagundua kitu. Mzee yule alikuwa na ugonjwa kama wangu: ukimuuliza jambo analolijua, hawezi kuzuia mdomo. Nikawa namuuliza. Kila nikiuliza anajibu kwa raha, halafu anakumbuka kwamba ananikatalia, anakunja uso. Niliuliza mbona chini ya mti huu kunakanyagika laini kama godoro. Akachutama, akafukua kwa ncha ya panga, udongo mweusi wenye unyevu. "Majani yake," akasema. "Mti mwengine ni bahili, jani hulinyonya kwanza utamu wote ndipo uliangushe. Kirukia chanzo chake ni maji ya wenzake, hakina ubahili, hulitupa jani na neema yake. Linaoza upesi. Wadudu hapa wengi, na kuku wa msituni huja kupekua. Ona na nyayo za paa, huja kula yale maua yaliyoanguka." Akakunja uso.

"Na mbuzi wa nyumbani?"

"Mbuzi wa Mcha hukatiwa kirukia jioni. Maziwa yanakuwa mengi."

"Hujapata kuvikata vyote ukavimaliza?"

Hapo alifuta panga kwenye jani. "Nimepata," akasema. "Mwaka mmoja nilivisafisha vyote upande ule wa shamba la Mcha. Miti ikapumua, nikafurahi. Kiangazi kilichofuata chozi hawakuja. Nyuki wakahama mizinga mitatu wakaniacha. Panzi na viwavi wakajaa, maana wa kuwala hawapo. Nikaacha kukata. Sasa navipunguza tu, kwa sababu vikizidi huua mti. Kimoja, viwili, mti mkubwa unastahamili."

"Sudi ni mmoja," nikasema.

"Nyuki ni nyuki na mtu ni mtu!" akapiga kelele mpaka chozi wakaruka. "Twende, gari litatupita."

Njiani nilimwuliza tena, kwa upole: "Shamba la Bi Mcha, kwa nini la Bi Mcha?"

"La marehemu baba yake."

"Na lako wewe liko wapi?"

"Tumbatu," akasema, akazidisha hatua.

Pete, jua lilipokuwa limepanda, wale wanaume walikuwa wamekwisharudi mkekani, wala sijui nani aliwaita. Bi Mcha mwenyewe alitoka na birika la chai ya maziwa, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mtu asiyepata kukatizwa. Akamimina chai, akasimama.

"Vuai, umeshamwonesha mgeni kirukia?"

"Nimemwonesha."

"Chote? Hata kile kilichotoka Tumbatu?"

"Mcha..."

"Kikaja na mzinga mmoja na kikoi cha kuazima? Baba, Mungu amrehemu, alikuwa amekaa hapohapo ulipokaa. Akakutazama, akasema nini?"

"Alisema mengi."

"Alisema, 'Kirukia kimefika.' Kisha akakupa chumba cha uani. Na mimi mti wenyewe, Vuai, tazama. Nimekauka wapi?"

Mkekani hakuna aliyethubutu kunywa chai. Mzee Vuai aliinamia vidole vyake vya miguu. Ndevu zilianza kutikisika, nikadhani hasira, nikajiandaa kukimbia. Kumbe anacheka, anajitahidi asicheke, na machozi yanamtoka. Akajifuta kwa kiganja, akatazama mikono yake ile ya makovu, imenata ulimbo na asali.

"Kazija!" akaita.

"Naam! Nakubali, baba!"

Mzee akainua viganja vyake.

"Nilitaka maji ya kunawa," akasema Mzee Vuai.

Vigelegele vilivyotoka nyuma ya ule mlango nadhani hata kima walivisikia. Mimi sikusema neno, na jamaa zangu wa barazani hawataki kuniamini mpaka leo. Nilishika mkono wa yule mzee, ukaninata, tukabaki tumeshikana. "Aje," akaniambia. "Aje na cherehani yake. Lakini akivimba kama lile tawi, nitamkata kwa panga." Nikamwambia panga nitamletea mimi.

Gari la kurudi lilikuwa lilelile, na utingo yuleyule. Alinipokea kwa mikono miwili, akanipa kiti cha mbele. "Mzee, samahani kwa yale ya wanga," akasema. "Tulionja Makunduchi. Tukaonja tena. Haikubaki." Siku nyingine ningempiga. Nikamwambia nitampikia ya harusi.

Mjini, Malindi, Sudi alinisubiri nje ya mlango. Aliponiona nacheka alikaa chini palepale barazani. Bi Salama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Harusi ilikuwa Pete, na haluwa ilikuwa yangu, na ilikaa mapajani mwangu njia nzima.

Kisha akahama. Hilo, kwa kweli, sikulipigia hesabu. Miaka yote Sudi alikula kwangu, na mimi nikimtania kuwa ni kupe wa nyumba hii. Akaondoka na cherehani yake, na wateja wake hawakuja tena, na rafiki zake waliokuwa wakija kumpigia soga wakanywa kahawa yetu na kutuletea habari za mji, nao hawakuja. Mlango ulikaa wazi, hakuna aliyepiga hodi. Nilichojifunza safari ile nilijifunzia nyumbani kwangu, na nilikichukia: mimi nilikuwa mti, na nilidhani ndege wanakuja kwa ajili yangu.

Bi Salama aliendelea kupika wali wa watu watatu. Siku moja alikitazama kile kilichobaki chunguni, akafunika kawa, akanigeukia.

"Ijumaa twende Pete."

"Kufanya nini?"

"Kudoea," akasema.

Ijumaa tulikuwa wa kwanza garini.